Mgonjwa Wako Hajambo?

Nyumbani,
4 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Habari za huko kwenye mawe na vumbi? Nakupa kwanza salamu za Mama, maana amesimama hapa begani kwangu anaiangalia kalamu kama askari. Hajui ninaandika nini, ila anataka salamu zake zitangulie zangu. Haya, zimetangulia.

Mama hajambo. Miguu inamuuma asubuhi, ikifika mchana ameshaisahau. Masikio ndiyo hayo hayo. Juzi jirani yetu mshonaji alikuja kumwambia kuna msiba mtaa wa pili, Mama akamjibu, "Asante mwanangu, na kwako pia." Mfiwa mwenyewe alipohadithiwa alicheka. Kama ujuavyo, anayesikika kwake ni mimi tu, kwa hili koo langu la kuitia treni. Wengine wote anasema wanachezesha midomo bure.

Najua utashangaa kupokea barua. Simu yangu inakoroma, mtu akiongea hasikiki vizuri, na fundi anasema kifaa chake hakipatikani. Kwa hiyo mpaka itengenezwe tutaandikiana kama watu wa zamani. Majibu yako mpe yule dereva wa lori la saruji, yeye akirudi mjini lazima apite hapa stesheni.

Kazini nimehamishwa kwa muda. Stesheni masta ameniweka dirisha la tiketi, eti kipaza sauti nacho kinahitaji likizo. Ni kikohozi tu, kimenikalia tangu mvua za mwaka jana na kodi hakilipi. Wapagazi wananiuliza, "Kengele, mbona umenyamaza?" Nawatolea ulimi, mambo yanaisha.

Sasa lililonifanya nikae niandike. Kuna mwenzetu wa kwaya, wa sauti ya kwanza, ameota uvimbe kooni. Bado anapimwa. Sikutajii jina, Mungu anamjua. Anaogopa sana, Kitinda. Anaogopa hata kumeza mate mbele za watu. Naomba umwombee.

Nakuomba wewe kwa sababu wewe ndiye uliyemwombea hata Roho. Jumapili limesomwa lile somo nikacheka peke yangu mpaka mzee wa kanisa akanigeukia. Nilikuona tena umesimama pale mbele na suruali ya kuazima, mwalimu wa watoto anakuuliza maana yake nini Roho kutuombea kwa kuugua kusiko na maneno, nawe ukajibu bila kusita, "Maana yake Roho Mtakatifu ni mgonjwa sana, hata kusema hawezi." Kanisa zima likaangua kicheko. Mwalimu akakueleza kuwa kuugua kwa pale ni kupiga kite, ule mguno wa uchungu, si kuumwa. Ukakataa katakata. Jioni ukapiga magoti: "Mungu, mponye Roho wako, asife." Na ukaendelea kumwombea hata tulipokwisha kuchoka kukucheka.

Basi, yule mgonjwa wako hajambo?

Dada yako,
Kengele


Kambini,
26 Februari

Dada,

Shikamoo. Na Mama mwambie shikamoo kubwa, uipige kwa sauti ile ya treni ya mchana ili imfikie.

Mimi mzima. Bwawa linapanda. Sasa hivi tunaunga yale mabomba makubwa yatakayoshusha maji kwenye mitambo, bomba moja mtu anasimama ndani yake asiguse juu. Naingia humo na barakoa yangu usoni, nachomelea viungo kwa ndani, natoka jioni macho yana mchanga na sikio linavuma. Ni kazi nzuri. Mtu hana nafasi ya kuwaza. Tangu nimzike mke wangu, kazi inayonizuia kuwaza ndiyo naiita nzuri.

Huyo mwenzenu wa kwaya mwambieni aende hospitali. Aende mapema, na wamtoe huo uvimbe. Maombi yatamkuta huko huko.

Dada, kuna jambo limenikosesha raha. Jumapili nilipanda kilimani ambako simu inashika, nikakupigia. Iliita, ikapokelewa. Nikasema halo, halo, Dada. Hakuna aliyejibu. Nilisikia pumzi tu, pumzi nzito yenye mkwaruzo, kisha ikakatwa. Nilijiambia ni hiyo simu yako inayokoroma. Lakini simu haivuti pumzi.

Na dereva wa saruji ananiambia siku hizi pale stesheni anatangaza binti mmoja anayetafuna majina ya vituo kama karanga, watu wanapanda treni wasiyoikusudia. Amekuwa hapo tangu mwaka jana. Wewe umeniandikia umehamishwa kwa muda. Muda gani huo?

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo, nilipopata kidonda mguuni nikakificha kwa soksi. Nijibu upesi.

Mdogo wako


Nyumbani,
20 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Mama anaitikia pia, na anauliza kama unakula. Mshonaji amepata cherehani mpya, anashona mpaka pazia za majirani bila kuombwa. Paa la jikoni limezibwa. Mbuzi wa mchungaji aliingia kanisani wakati wa matangazo akakaa mpaka baraka, watu wanasema ndiye muumini pekee aliyefika kwa wakati.

Nimemaliza habari, Kitinda. Nimezitafuta nyingine nimezikosa.

Yule mwenzetu wa kwaya ni mimi.

Simu ni nzima. Ni mimi ninayekoroma. Siku ile nilipokea nikijua ni wewe, nikafungua mdomo, ikatoka ile pumzi uliyoisikia. Nilikata kwa sababu nilisikia jinsi ulivyosema "Dada" mara ya mwisho.

Daktari ni mwanamke mdogo mwenye viatu visivyotoa mlio. Alinipitishia mrija wenye taa puani mpaka kooni, akatazama, akanionyesha kwenye kioo chake. Mahali sauti inapotokea pameshikwa na kitu cheupe kama ukungu wa ukutani. Jina la ugonjwa unalijua, sitaliandika, karatasi hii ni nyembamba. Anasema dawa peke yake hazitatosha. Anataka kutoa kisanduku chote cha sauti. Nitabaki na tundu hapa shingoni, chini ya pale kola inapofungwa, nitavuta pumzi kwa hilo tundu maisha yangu yote. Sitaimba tena. Sitaongea. Nikiacha, kitashuka kifuani, naye hakunificha mwisho wake.

Watu wakisema fulani amekata kauli, ujue wanatafuta sanda. Mimi naambiwa nikate kauli kwa miadi, nije na nguo za kubadilisha na kandambili.

Naogopa, mdogo wangu. Nimeogopa mpaka nimeanza kuonea haya woga wangu. Naogopa kisu. Naogopa kuamka nimefungwa mirija na siwezi kumwita mtu. Naogopa maji ya kuoga yasije yakaniingia kwenye hilo tundu nikazama nimesimama bafuni. Na zaidi ya hayo namwogopea Mama. Ulimwengu wote umekwisha kumnyamazia, amebaki na sauti moja tu anayoisikia, na sauti yenyewe ndiyo hii. Siku hizi nikimwita nakohoa kwanza, nakusanya kilichopo, nakisukuma chote. Wakati mwingine anageuka. Wakati mwingine hageuki, nami najifanya sikuwa nimemwita.

Kuna dada wa kanisani tunamwita Tarumbeta, mwimbaji mwenzangu. Alikuja na wenzake, wakaniwekea mikono shingoni, wakaniambia nimekwisha kupona, kilichobaki ni kukiri kwa kinywa. Nikienda kupasuliwa, anasema, nitakuwa nimemwambia Mungu simwamini. Nilikiri kwa kinywa. Kinywa chenyewe hakikutoa kitu. Walipoondoka nilijitazama kwenye kioo nikamwuliza Mungu kwa nini koo. Mguu ulikuwepo, Bwana. Figo ziko mbili. Kwa nini ukachagua kile kitu kimoja nilichokuwa nakupa kila Jumapili? Hakunijibu, nami naogopa kwamba hilo ndilo jibu.

Niombee. Sitaki maombi ya Tarumbeta, nataka ya yule mtoto wa suruali ya kuazima. Mgonjwa wako hajambo? Hukunijibu mara ya kwanza.

Dada yako


Kambini,
2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea leo, naandika leo leo, lori linaondoka.

Nenda hospitali. Usimsikilize Tarumbeta. Kama Mungu anaudhika na kisu cha daktari, mbona haudhiki na miwani anayovaa Tarumbeta akisoma nyimbo? Nenda. Nguo za kubadilisha, kandambili, nenda. Nakuomba kama mtoto anavyoomba. Wewe ulinibeba mgongoni kunipeleka shule nikiwa na surua, usinifanye nije kubeba jeneza lako.

Baada ya kuisoma nimeharibu kiungo kizima, msimamizi amenikataza kushika moto.

Kuhusu maombi, usiniombe kitu hicho. Nilikuwa nakwepa kukuandikia lakini sasa umenibana. Mke wangu aliombewa na kanisa zima. Wewe mwenyewe uliimba kando ya kitanda. Watu walifunga, wakakesha, walisema wameona ishara. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, nikasikia mkono unavyopoa. Wakaja wakaniambia yote yana makusudi. Mzee mmoja aliniambia Mungu alihitaji ua bustanini mwake. Dada, nilitaka kumpiga. Tangu siku ile nikipiga magoti sina ninachokisema. Nafungua mdomo, sina neno. Kwa hiyo nimeacha kupiga magoti, maana kupiga magoti bila kusema ni mazoezi ya viungo tu.

Huyo mgonjwa unayeniuliza simjui hali yake. Hatujaonana.

Sitaki kusikia kwamba ugonjwa wako una maana. Nataka upone. Nijibu umekwenda.

Mdogo wako


Nyumbani,
28 Aprili

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba, na unisamehe kuchelewa. Najua umelisubiri lori. Dereva ameniambia unalikimbilia kabla halijasimama, acha mchezo huo, utaniacha na Mama peke yangu.

Nilikwenda. Nilifika na begi langu, nikakaa kwenye benchi la kijani mbele ya wodi. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamume amefungwa kitambaa shingoni, na kile kitambaa kinapanda na kushuka chenyewe. Alinitikisia kichwa kwa adabu kabisa. Mimi nilichukua begi langu nikarudi nyumbani. Nilitembea njia nzima kwa miguu nikiwa nimejishika koo, watu wakidhani nimemeza mwiba. Hiyo ndiyo imani ya mwimbaji wenu wa kwaya.

Mchungaji alinikuta nimejifungia chumbani. Unamjua si msemaji, mahubiri yake huwa yanaisha kabla watoto hawajalala. Nilimwandikia kwenye karatasi, "Kwa nini mimi?" Akaisoma, akaigeuza nyuma kama aliyetarajia jibu limeandikwa huko, akasema, "Sijui." Kisha akakaa. Hakunishika shingo, hakudai kitu. Alikaa mpaka chai ikapoa, machozi yakamtoka, akajifuta kwa kitambaa cha meza cha Mama. Nikaona kwamba huyu naye anaogopa, na bado hajaondoka.

Kuhusu kusali kwako, sikuwa gizani. Ulipoacha kunijibu habari za mgonjwa nilijua. Sikugombezi. Wifi yangu nilimwimbia na akafa, na nyumbani nilivunja sahani, hilo hulijui. Ungependa kujua nimepata maana gani katika mateso haya? Bado. Nimeacha kuuliza sababu, maana hata nikiambiwa sababu, kisu ni kile kile. Siku hizi nauliza swali moja tu: mle ndani, nikilazwa juu ya ile meza na taa usoni, nitakuwa peke yangu? Hilo ndilo linalonitoa jasho.

Nikaisoma tena ile aya yako. Nimeisoma kila mahali, hata dirishani kwangu kati ya abiria na abiria. Mwalimu alikuambia ni kupiga kite, si kuumwa. Lakini mbona neno ni lile lile moja? Anayeumwa anaugua, na anayepiga kite anaugua. Waliotutafsiria wangeweza kutupa mawili, wakatupa moja. Kama Msalabani Bwana aliumwa kwelikweli, ngozi na mifupa, basi sioni ajabu Roho wake akiugua mpaka akose maneno. Labda siku ile kanisa zima lilimcheka mtu mmoja aliyeelewa. Sisemi nina hakika. Nasema ni kamba, na nimeishika.

Sasa ya Mama. Nilijua lazima nimwambie kabla sauti haijakwisha, na kunong'ona hakumfikii. Nilimkalisha kwenye kiti chake, nikamshika mabega, nikakusanya kila kilichobaki kooni. Kabla sijasema, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, kuna jambo nimekuficha. Masikio yangu yamekwisha kabisa. Tangu mvua zile hata wewe sikusikii. Nilikuwa naitikia kwa kukisia, nisije nikakutia hofu."

Kitinda, amekuwa akiogopa upande wake wa ukuta, na mimi upande wangu. Kila mmoja akimfichia mwenzake ukimya ule ule. Nilitikisa kichwa, nikajigusa koo, nikafungua mdomo nikamwonyesha kwamba hakitoki kitu. Kisha akasema, "Kumbe si mimi," na uso wake ukapata nafuu na kuharibika kwa pamoja, sijui nikuelezeje. Alinikumbatia akalia kwa sauti kubwa mno, maana hajui tena sauti yake ina ukubwa gani. Mshonaji alikuja mbio na mkasi mkononi.

Yeye ndiye aliyepanga begi langu safari hii. Ni tarehe kumi na nne Mei. Kama unaweza, njoo. Kama huwezi, usijiue kwa kulaumu lori.

Na mgonjwa wako hajambo? Nitauliza mpaka nikate kauli.

Dada yako


Kambini,
13 Mei

Dada,

Shikamoo.

Sijui kama barua hii utaisoma. Naiandika hivyo hivyo nikiwa na hofu hiyo, nisamehe. Mvua zimekata barabara, daraja la chini limezama, lori la saruji limelala ng'ambo na dereva wake. Nilipata ruhusa ya kuja. Nilifika mpaka kwenye maji, nikaingia, yakanifika kifuani, wenzangu wakanivuta kwa shati. Kilimani simu haishiki, mnara umeanguka. Kesho unaingia chumba kile, na mimi niko huku ng'ambo ya tope.

Nakuandikia jambo la leo asubuhi. Nilishindwa kukaa bandani, nikaingia kazini. Nikatambaa mpaka katikati ya bomba, mbali na midomo yote miwili, mahali mwanga wa nje umebaki kama sahani. Nikashusha barakoa. Nikataka kuwasha moto, mkono ukakataa. Nikaona lile tundu la shingoni mwako. Nikaona mkono wa mke wangu. Nikasema, haya, nitaomba, hata kama ni mara moja, hata kama hakuna mtu. Nikapiga magoti juu ya chuma. Dada, sikupata neno. Hata jina lako sikulipata. Nilifungua mdomo ikatoka sauti ambayo si kilio wala si usemi, ikatoka tumboni, nikashindwa kuizuia. Na bomba ni bomba, lilichukua ile sauti likaizungusha, likanirudishia kutoka mbele na kutoka nyuma, mpaka sikujua tena ipi ni yangu na ipi si yangu. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilihisi nimezungukwa.

Msimamizi alichungulia kwenye mdomo wa bomba, akaita, "Nani anaugua humo ndani?"

Sikia hilo, Dada. Swali dogo vile. Ningejibu "mimi, mkuu," nikatoka, yakaisha. Lakini nilikumbuka ile suruali ya kuazima, na kile kicheko cha kanisa, na yote uliyoniandikia kuhusu neno moja. Nilishindwa kusema ni mimi. Hadi sasa sijajua nimjibu nini yule mtu. Ananitazama chakulani kwa jicho la pembeni.

Sisemi nimerudi. Nasema nilikuwepo humo, na sina uhakika kama nilikuwa peke yangu, na hilo linanitisha kuliko kuwa peke yangu.

Usife. Hilo ndilo ombi langu lote, sasa nimepata maneno mawili, ni haya. Tafadhali usife.

Mdogo wako


Wodini,
9 Juni

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Sijafa. Naanza na hilo kabla ya salamu za Mama, naye ameniruhusu.

Barua yako imenifikia juzi, ina tope mpaka ndani. Dereva ameileta wodini mwenyewe, amesimama mlangoni ameshika kofia, akaniona, akasahau alichojia. Nilimchekea. Siku hizi nikicheka kinachosikika ni mluzi mdogo hapa shingoni. Muuguzi anasema nitazoea.

Sikudanganyi, huku ni kubaya. Maji nayapata kwa mrija wa puani. Harufu sisikii, hata ya sabuni. Hiki kitambaa changu nacho kinapanda na kushuka chenyewe, na juzi mwanamke mmoja aliyekuja kulazwa ameniona ameshika begi lake. Nilimtikisia kichwa kwa adabu. Sijui kama alibaki. Kile walichokitoa wamekipeleka kupimwa, tunangoja kuambiwa kama kimekwisha chote. Daktari wa viatu vya kimya akipita mlangoni moyo unanidunda mpaka nauona kwenye shuka. Bado naogopa. Nilidhani nikipata imani woga utahama. Haukuhama. Umesogea tu, umempisha mtu akae.

Nataka kukuambia nilipoamka. Nilikuwa na maumivu ambayo sikujua mwili unayo nafasi ya kuyaweka. Nilitaka kupiga kite, tu basi, kama mnyama yeyote. Hakikutoka. Mtu akipata maumivu Mungu amemwachia angalau ile sauti, mimi hata hiyo walikwisha kuipeleka kupimwa. Nililala nimefumba macho, naugua na hakuna anayesikia, na nikasema moyoni, Bwana, hii sasa ni mbali mno, huku hujawahi kufika. Na hapo ndipo ulipokuja ule upuuzi wako wa utotoni. Mgonjwa sana, hata kusema hawezi. Kitinda, nilijua nani mwingine alikuwa hivyo. Hakuniondolea maumivu. Hakunieleza kitu. Lakini sikumwuliza tena yuko wapi.

Mama alikuja siku ya pili. Wote walikuwa wanamhofia, mshonaji alimshika mkono asije akaanguka. Alikaa kitandani, akaninyooshea kidole shingoni kuuliza kama anaweza. Nikaitikia. Akaweka kiganja chake mbele ya lile tundu, bila kugusa, akakaa nacho hapo. Pumzi yangu ikamgonga mkononi, inakuja, inakwenda. Alifumba macho kama alivyokuwa akifanya zamani akisikiliza redio. Kisha akasema, kwa ile sauti yake kubwa iliyogeuza vichwa vya wodi nzima, "Nakusikia."

Sasa ndivyo tunavyoongea. Nikipumua haraka anajua naogopa, ananiambia "taratibu". Tarumbeta alikuja pia, hakusema lolote kuhusu imani, alinikata kucha za miguu.

Yule msimamizi wako asiendelee kukutazama kwa jicho la pembeni. Nimehesabu tarehe. Asubuhi ile uliyokuwa bombani mimi nilikuwa naagana na sauti yangu, nimekaa ukingoni mwa kitanda najaribu kuimba ubeti mmoja wa mwisho, haukuja. Wewe ukaugua kwa sauti huko, mimi nikaugua bila sauti huku. Akiuliza tena nani anaugua humo ndani, usimjibu "mimi". Mwambie watatu.

Daraja likitengemaa, njoo. Njoo uweke kiganja chako hapa, na wewe unisikie.

Na safari hii sikuulizi kama mgonjwa wako hajambo. Tumelazwa naye, kitanda kimoja.

Dada yako,
Kengele